Nani Mwenye Kosa? Wote Tulikuwa Tunarudi Nyuma

Jamani, mwezi huu nina kesi. Hukumu imeshatoka, tena imetolewa sebuleni kwangu, kwa hiyo naweza kuisimulia bila kuogopa kuingilia uhuru wa mahakama.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mnaoishi Dar es Salaam mnaijua Jumamosi hiyo: mshahara umeingia, na kila mwenye gari ameona ndiyo siku ya kwenda kununua sabuni. Maegesho ya duka kubwa tulilokwenda yalikuwa yamejaa, watu wanazunguka wakivizia nani anatoka. Sisi ndio tuliokuwa tunatoka. Dereva mimi, kwenye IST yangu ambayo mpaka leo nakatwa mkopo wake kazini. Kushoto kwangu Baba Nuru. Nuru mwenyewe tulimwacha kwa bibi yake.

Upande wa kulia tulipakana na Prado, kushoto Noah. Ukiwa ndani ya IST katikati ya hayo mawili ni kama umetumbukia kisimani, unaona mbingu tu. Nikaweka rivasi. Kamera ya nyuma ikawaka, na yule mama wa Kijapani anayeishi ndani ya redio akaanza maneno yake, ambayo hadi leo sijui huwa ananionya au ananipongeza. Nikauliza kama ninavyouliza siku zote, "Huko kwako vipi?"

"Kweupe, rudi."

Nikarudi. Mkia wa gari ukawa unakata kushoto ili nitoke vizuri. Mara, kacha!

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ni kama ndoo ya plastiki imekanyagwa. Tukashuka. RAV4 ya kijivu iliyokuwa imepaki safu ya ng'ambo nayo ilikuwa imetoka kinyumenyume. Kona yake ya nyuma kushoto imekutana na kona yangu ya nyuma kushoto. Bampa langu limepasuka. Yeye taa ya nyuma imevunjika na bodi imebonyea kidogo juu ya tairi.

Mwenye RAV4 alikuwa kaka wa umri wetu. Ameshuka amekunja uso. "Dada, wewe huoni?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu kwa lugha ile ile, lakini Baba Nuru akaniwahi. Akazunguka gari, akampa mkono yule kaka, akasema, "Bro, tusamehe. Waifu bado anaizoea gari. Kosa letu, tutamalizana tu."

Msomaji, naendesha gari huu mwaka wa nane. Baba Nuru leseni yake ina miaka minne, na aliyemfundisha kupaki ni mimi.

Yule kaka akapoa palepale. "Hamna noma, kaka, ndio mama zetu hawa, tutafanyaje. Nipe laki nne nikatengeneze, yaishe." Baba Nuru akashika simu kutazama salio. Wanaume wawili wakawa wanapatana bei ya kosa langu, na mimi nimesimama pembeni kama mfuko wa sukari.

Kwanza, hakuna kusogeza gari

Bahati yangu ni kwamba dada yangu mkubwa amefanya kazi ya madai ya bima kwa miaka mingi. Kwao hakuliwi pilau ya Idd bila habari za bampa. Kwa hiyo hata nikiwa na hasira, baadhi ya mambo nilishayameza zamani. Nikasema, "Subirini. Hakuna anayelipa na hakuna anayesogeza gari mpaka nipige picha."

Nikapiga. Kwanza kutoka mbali, ili mistari ya maegesho ionekane pamoja na magari yote mawili na jinsi yalivyokaa. Halafu matairi ya mbele, yameelekea wapi. Halafu vipande vya taa pale chini vilipoangukia. Mwisho ndiyo nikapiga michubuko yenyewe kwa karibu. Wengi wetu tunaanza na mchubuko na kuishia hapo hapo. Mchubuko peke yake unasema kitu kimeguswa. Hausemi nani alikuwa anatembea na nani amesimama, na kwenye maegesho hilo ndilo swali kubwa.

Maana mtaani tuna kanuni yetu moja tunayoipenda: aliyegonga nyuma ya mwenzake ndiye mwenye kosa. Barabarani, kwenye foleni, mara nyingi inakuwa kweli, kwa sababu wa nyuma alitakiwa kuacha nafasi. Lakini kwenye maegesho kanuni hiyo inakwama. Sisi wote wawili tulikuwa tumegongwa nyuma, na wote wawili tulikuwa tumegonga kwa nyuma. Sasa nani amemgonga nani?

Dada yangu anasema wao wanaanza na maswali manne.

La kwanza, nani alikuwa kwenye njia na nani alikuwa anatoka kwenye nafasi yake? Gari linalopita kwenye njia ya katikati lina haki kuliko linalotoka. Kama yule kaka angekuwa anapita zake taratibu kwenda mbele, na mimi nimetoka kwa rivasi nikamvaa ubavuni, ningeomba radhi na kunyamaza. Anayerudi nyuma ndiye anayeona kidogo kuliko wote, kwa hiyo ndiye anayetakiwa kuangalia kuliko wote.

La pili, je, wote walikuwa wanarudi? Kama ndiyo, na hakuna zaidi ya hapo, mahali pa kuanzia ni nusu kwa nusu. Kila mmoja alitakiwa amwone mwenzake, na hakuna aliyemwona. Si lazima mambo yaishie hapo, lakini yanaanzia hapo.

La tatu, je, kuna aliyekuwa ameshasimama? Hili ndilo linalobadilisha mizani. Kama mmoja alimwona mwenzake, akafunga breki, akapiga honi, na mwenzake akaendelea kuja, mzigo unahamia kwa aliyeendelea kuja. Tatizo ni kwamba kila mtu akishashuka kwenye gari anasema yeye alikuwa amesimama. Ndiyo maana shahidi ana thamani, na ndiyo maana kamera ya kwenye dashibodi, au ya jengo, ina thamani zaidi. Ila ya jengo uiombe mapema, kwa sababu rekodi za zamani hufutwa ili mpya zipate nafasi.

La nne, je, kuna aliyeongeza kosa lake juu ya kosa la mwenzake? Aliyekuwa anapita kwenye njia ana haki, sawa, lakini kama alikuwa anakimbia kama yuko barabara kuu, au amepita upande ambao mshale chini unakataza, naye anabeba sehemu. Mahakama za nchi zilizorithi sheria za Kiingereza zimeshazoea kugawa uzembe. Huko Uingereza ipo sheria ya mwaka 1945 inayoruhusu fidia ipunguzwe kulingana na kosa la anayedai. Kabla ya hapo, mdai akiwa na kosa kidogo tu aliweza kukosa vyote. Kwa hiyo hata majaji waliwahi kuona kwamba swali la "nani mwenye kosa" linaweza kuwa na jibu la watu wawili.

Na kuna jambo la tano ambalo si swali. Mlinzi anayekupungia mkono akisema "njoo, njoo, njoo, kata yote" habebi kosa lako. Anakusaidia tu. Usukani na breki viko kwako. Hilo lilinichoma baadaye, mtaona kwa nini.

Mzee wa filimbi

Nikamfuata mlinzi, mzee wa makamo aliyekuwa kwenye kivuli. "Shikamoo mzee. Ulituona?"

"Marahaba, mama. Niliwaona. Wote mlikuwa mnarudi. Nimepiga filimbi, hakuna aliyesikia."

"Na nani alianza?"

"Aa, mama, mlianza kama watu waliopigiwa kengele."

Mwenye RAV4 akacheka bila kutaka. Nikamwonyesha picha. Nikamwambia, kwa upole ambao hata mimi sikujua nilikuwa nao, kwamba sikatai sehemu yangu, ila siwezi kubeba na ya kwake. Akatazama taa yake, akatazama bampa langu, akasema, "Kweli, dada. Na mimi nilikuwa narudi."

Kumbe ni mtu muungwana tu. Alikuja mkali kwa sababu aliogopa, kama mimi. Na alipopewa kosa letu kwenye sahani ya dhahabu, angelikataaje?

Tukampigia fundi wa bodi ambaye sote wawili tuliridhika naye, tukamtumia picha. Akakadiria: yangu 180,000, yake 320,000. Jumla 500,000. Nusu kwa nusu ni 250,000 kila mtu. Mimi yangu ni 180,000, kwa hiyo ninamwongezea yeye 70,000, basi. Kutoka laki nne mpaka elfu sabini! Tukaandika kwenye karatasi: tarehe, mahali, namba za magari, majina, kiasi, na kwamba baada ya hapo hakuna anayemdai mwenzake. Tukasaini wote wawili, kila mmoja akapiga picha ile karatasi.

Mtaniuliza, bima je? Mimi nina bima kubwa. Lakini kwenye mkataba wangu kuna kiasi cha kwanza cha matengenezo ninachobeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na kwa bampa la laki na themanini kilichokuwa kinabaki ni kidogo. Halafu nikidai, punguzo langu la kutodai linaondoka mwaka unaofuata. Yule kaka yeye ana bima ndogo, ile ya kulinda watu wengine, ambayo hailipii gari lako mwenyewe. Kwa hiyo tukaona tumalizane. Lakini msichukue hii kama kanuni ya kila siku. Akiumia mtu hata kidogo, au hasara ikiwa kubwa, au mwenzako ananuka pombe, au hamwelewani, mwite trafiki, mpate ripoti ya polisi na mchoro wa ajali. Bila hivyo, ukifika kwenye bima utakuwa unasimulia hadithi.

Na hapa sikilizeni vizuri, hasa nyie mnaopenda kuwa wastaarabu haraka. Mikataba mingi ya bima ya magari ina sharti kwamba usikiri kosa wala kuahidi malipo bila kampuni kukubali. Toa jina, toa namba, sema pole, muulize mwenzako kama ameumia. Huo ni utu. Lakini "kosa letu, tutamalizana" ni maneno yenye bei, na kama ajali ingekuwa kubwa zaidi, Baba Nuru angeweza kuwa ameiharibu bima yangu kwa sentensi moja. Tena sentensi yenyewe si ya kosa lake, ni ya kosa langu. Au ndivyo nilivyodhani.

Swali moja tu

Njia nzima tulirudi kimya. Redio ilizimwa, na hata yule mama wa Kijapani alinyamaza.

Usiku, mtoto amelala, Baba Nuru alikuwa anapiga pasi mashati yake. Sikupandisha sauti. Nilimuuliza kitu kimoja, "Uliposema kweupe, uliona nini?"

Pasi ikasimama juu ya shati muda mrefu kuliko shati linavyotakiwa.

"Sikuona kitu."

"Hukuona kitu kwa maana kulikuwa kweupe?"

"Hapana. Sikuinua kichwa. Nilikuwa najibu meseji. Nilisikia unaniuliza, nikajibu kama ninavyojibu siku zote."

RAV4 ilitokea upande wake. Dirisha lake. Kama angeinua macho tu angeiona taa nyeupe ya rivasi ikiwaka. Na alipoisikia ile kacha, yeye alijua kabla yangu. Akaniambia mwenyewe, "Nilijua ni mimi. Nikaona tukikaa pale dakika mbili utaniuliza. Nikaona bora yaishe haraka."

Yaani alikuwa tayari kutoa laki nne ya nyumba yetu ili nisimuulize swali moja.

Sitawadanganya kwamba tulikumbatiana. Nilikasirika kuliko nilivyokasirika kwenye maegesho. Bampa si kitu. Lililoniuma ni kwamba kosa lilipotafuta pa kukaa, mume wangu alilikalisha kwangu, mbele ya mtu tusiyemjua, kwa sababu alijua kwa mwanamke dereva litakaa bila kuulizwa maswali. "Waifu bado anaizoea gari." Nani angebisha? Hata mlinzi angeamini.

Lakini nikiwa nimegeukia ukutani, usingizi hauji, nikaikumbuka ile habari ya mlinzi na "njoo, njoo". Anayekuelekeza habebi kosa lako. Mimi sikugeuza shingo. Nilikuwa na skrini ndogo mbele yangu na sauti ya mume pembeni, nikaona yanatosha. Kamera ya nyuma inakuonyesha kilicho nyuma yako, haikuonyeshi vizuri kinachokuja kutoka pembeni ukiwa katikati ya Prado na Noah. Na "kweupe" ya mtu usiyemwangalia anaangalia wapi haikuonyeshi hata hicho. Ningemtazama sekunde moja tu ningeiona ile simu. Kwa hiyo kwenye nusu yangu sikuweza kujitoa.

Na nikawaza jambo lililonitoa jasho. Ile ilikuwa RAV4. Nuru ana miaka mitatu, kimo chake hakifiki kwenye kioo cha nyuma cha gari. Huko Marekani, tangu Mei 2018 magari madogo mapya yote yanayouzwa lazima yawe na kamera ya nyuma, na sheria iliyoanzisha jambo hilo ilipewa jina la mtoto wa miaka miwili. Mwaka 2002 alifariki nyumbani kwao, New York, baada ya kugongwa na gari lililokuwa linarudi nyuma. Dereva alikuwa baba yake mzazi. Bampa linanunuliwa. Nililala kwa shida.

Hukumu

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa jikoni nikamsikia Baba Nuru anaongea na simu barazani. Alikuwa anamtumia yule kaka elfu sabini, na akampigia kuhakikisha imefika. Halafu nikasikia, "Bro, na kingine. Jana nilisema waifu anaizoea gari. Si kweli. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi. Mimi ndiye niliyemwambia kweupe, na sikuwa nimeangalia."

Hakuna aliyemtuma. Sijui yule kaka alijibu nini, lakini alicheka, nilisikia cheko lake mpaka jikoni.

Nikatoka na chai vikombe viwili. Hapo ndipo hukumu ilipotoka, na nawaandikia kama ilivyo, mtakaotaka mkaitumie kwenye magari yenu.

Anayeulizwa "huko vipi" ana majibu mawili tu: "kweupe", akiwa ameangalia kwa macho yake, au "sioni". Na "sioni" si jibu la aibu. Ukisikia "sioni", simamisha gari, mmoja ashuke akaelekeze.

Dereva ageuze shingo pande zote mbili hata kama ameambiwa kweupe na malaika. Atoke pole pole, kidogo kidogo, ili mwenzake apate muda wa kumwona.

Tukifika mahali pamejaa, tunaingia kwa rivasi na kutoka kwa mbele. Kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza kinashauri hivyo hivyo kwa njia ya kuingilia nyumbani: ingia kinyumenyume, toka ukiona. Unapoingia, nafasi unaitazama mwenyewe. Unapotoka kinyumenyume, unaingia kwenye njia ya watu usiowaona.

Na likitokea la kutokea, hakuna kumkabidhi mwenzako kwa watu wa nje kabla hamjajua lililotokea. Sema, "Poleni, tuangalie kwanza." Maneno hayo hayaharibu bima, na hayaharibu ndoa.

Bampa limeshabandikwa na rangi imekubali, ingawa ukitazama kwa karibu jua likiwa kali unaona pale palipoungwa. Baba Nuru anataka tulipake tena. Nimemwambia tuliache kwanza.

Tukutane mwezi ujao. Na ukitoka hapo ulipopaki, geuza shingo.